Mtihani wa SIE Ukiwa Mombasa: Mwongozo Kamili wa Kujiandaa

Mitihani mingi ya leseni za soko la hisa Marekani humtaka mtu awe ameajiriwa kwanza na kampuni ya udalali ndipo aruhusiwe kuifanya. Mmoja hautaki hivyo. Unaitwa Securities Industry Essentials, kwa kifupi SIE, na tangu tarehe 1 Oktoba 2018 yeyote aliyetimiza miaka 18 anaweza kujiandikisha, awe na kazi au hana, awe na digrii au cheti cha kidato cha nne. Wenye mtihani ni FINRA, chombo kinachowasimamia madalali wa dhamana (yaani hisa, hatifungani ambazo ni hati za mkopo, na mfano wake) Marekani, nacho kikisimamiwa na SEC, tume ya serikali.

Wanaouliza habari zake hapa Mombasa si wa aina moja. Kuna aliyepata karatasi za kuhamia Marekani na hataki kufika kule akaanzie ghalani. Kuna mhitimu wa biashara anayetaka kitu cha kumtofautisha na wenzake mia wenye shahada kama yake. Na kuna yule ambaye hisa zimemwingia tu akilini, hazimtoki. Mwongozo huu ni wa wote watatu, ila wa kwanza ndiye atakayefaidika zaidi, na nitaeleza kwa nini.

Jambo moja nitalirudia mpaka mwisho: SIE si mtihani wa hesabu, na wala si wa kukariri sheria. Karibu kila swali lake, ukilivua nguo, linauliza moja kati ya mambo mawili. Hapa nani anabeba hasara? Na hapa nani amekatazwa nini? Anayesoma kila mada huku akijiuliza hayo husoma kidogo na hukumbuka kingi.

Hatua ya kwanza: Jua mtihani huu unakupa nini na hauna nini

Kufaulu SIE si kupata leseni. Ni nusu ya kwanza. Nusu ya pili ni mtihani wa kazi maalum, mfano Series 7 kwa anayetaka kuuza dhamana za aina nyingi au Series 6 kwa anayeuza mifuko ya pamoja ya uwekezaji, na huo huwezi kuufanya mpaka kampuni iliyo mwanachama wa FINRA ikudhamini. Matokeo ya SIE yanadumu miaka 4. Ukifaulu leo na ndani ya muda huo hujapata kampuni ya kukuchukua, utaanza upya.

Kwa hiyo piga hesabu ya safari yako. Kama viza ni ya mwaka ujao, SIE ni uwekezaji mzuri, kwa sababu utamwendea mwajiri ukiwa na kitu mkononi badala ya ahadi. Kama huna mpango wowote wa kutoka Kenya, fikiri tena.

Hapa nyumbani anayetoa leseni ni Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, iliyoundwa mwaka 1989, na SIE haikupi ruhusa ya kumuuzia mtu hata hisa moja ya Safaricom. Anayetaka kazi ya uchambuzi au udalali Kenya atafaidika zaidi na CIFA, cheti cha wachambuzi wa uwekezaji kinachotolewa na KASNEB, bodi ya mitihani ya Kenya, chenye ngazi tatu. Nasema haya mapema kwa sababu mtaani wapo wanaouza kozi za «leseni ya kimataifa» kana kwamba cheti kimoja kinafungua milango ya dunia nzima. Leseni za dhamana hufuata nchi. Na akitokea wa kukuuzia maswali «yaliyovuja», mkimbie: FINRA inakataza kutoa na kupokea maswali ya mtihani, na jina likishachafuka kwenye rekodi zao, huna tena kazi ya kuombea.

Hatua ya pili: Pasipoti, kituo na malipo

Anza na pasipoti kabla ya kitabu. Jina unalojiandikishia lazima lifanane na lililo kwenye kitambulisho utakachoonyesha mlangoni, na pasipoti ndicho kitambulisho kisicholeta ubishi ugenini. Sisi watu wa Pwani tuna majina ya kupinda: Abdulrahman kwenye cheti cha kuzaliwa, Abdulrehman kwenye kitambulisho, na huku shuleni waliandika jina la babu mahali pa jina la baba. Pasipoti iseme nini, fomu iseme hivyo hivyo, herufi kwa herufi. Iangalie na tarehe ya mwisho pia. Kuomba mpya huweza kuchukua muda, na muda huo ni bora uende sambamba na masomo kuliko uje kukukwamisha.

Mtihani wa ana kwa ana hufanyiwa kwenye vituo vya Prometric. Kabla hujalipa chochote, ingia kwenye tovuti yao, tafuta vituo vinavyofanya mitihani ya FINRA, uone kilicho karibu nawe na nafasi zilizo wazi. Tazama pia masharti ya kuufanyia mtandaoni ukiwa nyumbani, lakini usijidanganye: mtihani wa nyumbani unataka chumba kimya cha peke yako, intaneti isiyokatika na umeme usiozimika. Kama unaishi Majengo na jirani ana spika ya harusi, safari ya kwenda kituoni ni nafuu.

Unajiandikisha kwa kufungua akaunti kwenye tovuti ya FINRA na kulipa ada kwa kadi. Kadi ya Visa ya benki inafaa, na wasio nayo wana kadi ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay. Ada hutozwa kwa dola, kwa hiyo angalia kiwango ambacho benki yako inabadilishia, maana si kile unachokisikia kwenye habari. Tangu siku ulipojiandikisha una siku 120 za kuufanya mtihani. Huo ndio mtego. Wengi hulipa siku ileile hamu ilipowapanda, kisha Ramadhani inaingia, kisha harusi ya dada, kisha siku zimekwisha na pesa zimekwenda. Soma kwanza walau nusu, ndipo ulipe. Kuahirisha ni bure ukifanya hivyo siku 10 za kazi au zaidi kabla ya tarehe yako. Ukichelewa unatozwa, na usipotokea ada yote imepotea.

Hatua ya tatu: Soma ramani kabla ya njia

Maswali ni 85, muda ni saa 1 na dakika 45. Yanayohesabiwa ni 75. Yale 10 mengine FINRA inayafanyia majaribio, na huambiwi ni yapi. Kila swali lina majibu manne ya kuchagua. Alama ya kufaulu ni 70. Jibu kosa halikatwi alama, kwa hiyo usiache swali hata moja tupu.

Mgawanyo wa maswali ndio kitu cha thamani kuliko chochote kwenye karatasi za FINRA, na ni bure. Masoko ya mitaji kwa ujumla yana maswali 12. Bidhaa na hatari zake, 33. Biashara, akaunti za wateja na yaliyokatazwa, 23. Mfumo wa usimamizi, 7. Yaani sehemu mbili za katikati zinabeba maswali 56 kati ya 75, robo tatu ya mtihani. Sasa muulize aliyefeli alianza kusoma nini. Mara nyingi atakwambia alianzia ukurasa wa kwanza wa kitabu, akakwama kwenye sheria za 1933 na 1934, akafika kwenye opsheni wiki ya mwisho akiwa hoi.

Pakua muhtasari rasmi wa mada na jaribio la mazoezi kutoka tovuti ya FINRA. Vyote havina malipo. Juu yake ongeza kitabu kimoja na benki moja ya maswali. Kimoja kweli. Vitabu vitatu nusunusu havikufikishi popote. Na kagua toleo: tangu tarehe 28 Mei 2024, hisa na hatifungani nyingi Marekani hukabidhiwa na kulipwa siku moja ya kazi baada ya biashara. Kitabu kinachosema siku mbili ni cha zamani, hata kama muuzaji amekipunguzia bei. Sisi Nairobi bado ni siku tatu, kwa hiyo mwenye akaunti ya CDS, ile ya kuwekea hisa, awe mwangalifu asijibu kwa mazoea ya nyumbani.

Hatua ya nne: Bidhaa, kwa kuuliza nani anapoteza

Hapa ndipo pa kukaa. Tenga wiki tatu nzima.

Anza na hisa kwa sababu unazijua zaidi ya unavyodhani. Kampuni ikiuza hisa mpya kwa umma, fedha huingia kwake: hilo ni soko la kwanza. Hisa za Safaricom zilizouzwa kwa umma mwaka 2008 kwa Sh5 zilikuwa za serikali, kwa hiyo fedha zilikwenda kwa serikali, si kwa kampuni. Na ulipomuuzia mwingine hisa zako baadaye, Safaricom haikupata kitu: hilo ni soko la pili. Mwaka 2024 Amsons ya Tanzania ilipowaendea wenye hisa wa Bamburi Cement na kuwaambia itawalipa Sh65 kwa kila hisa, hilo lilikuwa ombi la wazi la ununuzi, nalo limo kwenye mtihani. Mwenye hisa za kawaida hupiga kura na huweza kupata faida isiyo na ukomo, lakini kampuni ikifilisika yeye ndiye wa mwisho kwenye foleni. Mbele yake wako wenye hisa za upendeleo, na mbele ya hao wako wote wanaoidai kampuni, huku wenye hatifungani zilizowekewa rehani wakiwa wa kwanza. Foleni hiyo ijue usingizini.

Hatifungani ndizo zinazowaogopesha watu bure. Kanuni ni moja: riba sokoni ikipanda, bei ya hatifungani ya zamani inashuka, ikishuka, bei inapanda. Kama unataka mfano wa hapahapa, Februari 2024 serikali ya Kenya ilitoa hatifungani ya miundombinu ya miaka 8.5 kwa riba ya 18.46%. Viwango vilipokuja kushuka, nani angetaka kuiuza kwa bei ileile aliyonunulia? Aliyeitaka alilazimika kuongeza kitu juu.

Hesabu yake ni nyepesi. Hatifungani ya Marekani yenye thamani ya dola 1,000 na riba ya 6% inalipa dola 60 kwa mwaka, bei iwe yoyote. Ukiinunua kwa 900, pato lako la sasa ni 60 kugawa kwa 900, yaani 6.67%. Na ukiishika mpaka mwisho unarudishiwa 1,000, kwa hiyo pato la mpaka ukomavu ni kubwa zaidi ya hapo. Ukiinunua kwa 1,100, pato la sasa ni 5.45%, na la mpaka ukomavu liko chini zaidi, kwa sababu ile 100 ya ziada hurudishiwi. Nunua chini, mapato yanapanda ngazi. Nunua juu, yanashuka ngazi. Mtihani unapenda mpangilio huu kuliko hesabu yenyewe.

Za serikali kuu ya Marekani zigawe kwa muda: hati za muda mfupi hazizidi mwaka, na huuzwa kwa bei ya chini kisha zikalipwa kamili, kama hizi zetu za siku 91, 182 na 364. Za kati ni miaka 2 mpaka 10. Za muda mrefu ni 20 na 30. Halafu ziko za majimbo na miji, ambazo riba yake haitozwi kodi ya serikali kuu. Anayejua kwa nini watu wa Kenya hugombania hatifungani za miundombinu tayari ameelewa nusu ya mada. Nusu iliyobaki ni hii: kama mtu anakatwa kodi ya 25%, hatifungani ya mji yenye 3% isiyo na kodi ni sawa kwake na ya kampuni yenye 4%, maana 3 ukiigawa kwa 0.75 unapata 4. Kwa hiyo huwafaa matajiri, na haimfai aliye kwenye kodi ya chini wala akaunti ya pensheni. Ukiliona swali la mteja na hatifungani za miji, tafuta kiwango chake cha kodi kwanza.

Wapo watakaosita kwa sababu ya riba. Hilo ni baina yako na dini yako. Mtihani unataka ujue kitu kinavyofanya kazi, haukulazimishi kukitumia.

Mifuko ya pamoja huna budi kuielewa hasa upande wa gharama, kwa maana hapo ndipo mteja hulaliwa. Bei hupigwa mara moja kwa siku, baada ya soko kufungwa, na aliyeagiza mchana hupata bei itakayopigwa jioni, si ya jana. Ada ya mauzo haiwezi kuzidi 8.5% ya bei ya kuuzia. Kama thamani ya kipande ni dola 19 na ada ni 5%, bei si 19 jumlisha 5% yake. Ni 19 kugawa kwa 0.95, yaani 20. Anayekaribia kiwango cha kupunguziwa ada lazima aambiwe. Kumuuzia kidogo chini ya kiwango hicho ili upate kamisheni kubwa ni kosa lenye jina lake kwenye mtihani. ETF nazo hufanana na mifuko hii, ila huuzwa na kununuliwa mchana kutwa kama hisa.

Sasa opsheni, mikataba ya haki ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyopangwa. Watu huziruka, na huo ni uvivu wa gharama kubwa, kwani maswali yake ni ya moja kwa moja ukishatulia. Mkataba mmoja ni hisa 100. Opsheni ya kununua humpa mwenye nayo haki ya kununua. Opsheni ya kuuza humpa haki ya kuuza. Aliyelipa ana haki. Aliyelipwa ana wajibu. Basi.

Chukua opsheni ya kununua kwa dola 50 iliyogharimu dola 3. Mnunuzi ametoa 300. Hisa ikifika 53 amerudisha pesa yake. Ikifika 58 ana faida ya 500. Ikianguka mpaka 10, amepoteza zile 300 na si zaidi. Aliyemuuzia amepokea 300 na hatapata zaidi ya hizo, lakini kama hana hisa zenyewe mkononi, hasara yake haina ukomo, kwa sababu bei ya hisa haina dari. Geuza upande: opsheni ya kuuza kwa 50 iliyogharimu 4. Mnunuzi anaanza kufaidi hisa ikishuka chini ya 46, na faida yake kubwa kabisa ni 4,600, hisa ikifika sifuri. Andika mifano hii miwili kwenye karatasi, ubadilishe namba, uirudie kila siku wiki nzima. Swali la «nani ana hasara isiyo na ukomo» halikosekani kwenye vitabu vya mazoezi, na jibu lake umeshalisoma.

Hatua ya tano: Biashara, akaunti na makatazo

Kwanza tofautisha anayefanya kazi kwa niaba ya mtu na anayeuza mali yake. Mombasa tuna wote wawili dakika chache kwa miguu. Dalali kwenye mnada wa chai huuza chai ya kiwanda, naye hupata kamisheni. Mwenye duka la leso Biashara Street amenunua robota kwa pesa yake, na faida yake ni kile alichoongeza juu ya bei. Kampuni za Marekani hufanya yote mawili, lakini kwa biashara moja na mteja mmoja lazima ziseme zimesimama upande gani, na haziruhusiwi kutoza kamisheni na nyongeza kwa pamoja.

Aina za maagizo zijifunze kwa kusudi. Agizo la soko linataka haraka, halijali bei. Agizo la kikomo linajali bei na liko tayari kukosa. Agizo la kuzuia hulala mpaka bei iguse mahali fulani, kisha linakuwa agizo la soko. Humlinda mwenye hisa lakini halimhakikishii bei. Swali likieleza anachokiogopa mteja, jibu limeshajitokeza.

Akaunti ya mkopo humruhusu mteja kununua hisa kwa kuweka 50% na kukopa iliyobaki, na FINRA inataka mtaji wake usishuke chini ya 25% ya thamani ya hisa anazozimiliki. Ikishuka anaitwa aongeze pesa, na kampuni inaweza kuuza hisa zake bila kumngoja. Hilo la «bila kumngoja» ndilo linaloulizwa.

Gawio lina tarehe nne, na moja tu ndiyo inayowachanganya watu: siku ambayo mnunuzi hapati tena gawio. Kwa utaratibu wa sasa wa siku moja, siku hiyo huwa ni ileile ya kufunga daftari la wenye hisa. Ununue kabla yake.

Utakatishaji wa fedha una namba chache za kushika. Fedha taslimu zinazozidi dola 10,000 kwa siku huripotiwa. Shughuli ya kutia shaka kuanzia dola 5,000 huripotiwa pia, na mteja haambiwi kamwe kwamba ameripotiwa. Anayegawanya pesa ili kila fungu liwe chini ya 10,000 anafanya kosa hata kama pesa ni halali. Hapa kwetu ukipeleka milioni moja benki unaulizwa imetoka wapi. Wazo ni hilohilo, ila usichanganye viwango.

Makatazo yenyewe yasome kama visa, si kama orodha. Ajenti anayejua mteja mkubwa anakaribia kununua, akajinunulia yeye kwanza. Ajenti anayeuza na kununua kwenye akaunti ya mzee ili kamisheni zimiminike. Anayechanganya pesa za mteja na zake. Anayemuuzia mteja biashara ya shemeji yake nje ya kampuni bila mwajiri kujua. Anayepata habari za ndani kutoka kwa binamu yake mhasibu, akanunua kabla hazijatangazwa. Na binamu naye yumo, hata kama hakupata senti. Kila kimoja kina jina lake la Kiingereza, ulijue, lakini kisa kikikuingia jina hufuata lenyewe. Swali likikubabaisha, chagua jibu linalomweka mteja mbele na kumjulisha mwajiri kwa maandishi. Mara nyingi ndilo.

Hatua ya sita: Sheria na wasimamizi, haraka

Wiki moja inatosha. Sheria ya 1933 inahusu toleo jipya na waraka anaopewa mnunuzi; ya 1934 inahusu soko la pili na ndiyo iliyozaa SEC; mbili za 1940 zinahusu mifuko na washauri wa uwekezaji. FINRA ilianza mwaka 2007. MSRB hutunga kanuni za hatifungani za majimbo na miji, lakini haina askari wake wa kuzisimamia. SIPC humlinda mteja kampuni ya udalali ikianguka, mpaka dola 500,000, ndani yake taslimu zisizidi 250,000, na haimlindi na kushuka kwa bei. Wakenya walioshuhudia mawakala wa hisa wakianguka kati ya 2007 na 2009 hawahitaji kuelezwa kwa nini kitu kama hicho kipo.

Ongeza Benki Kuu ya Marekani, sera za fedha, na mzunguko wa uchumi. Ukifuatilia CBK, Benki Kuu ya Kenya, inapopandisha au kushusha kiwango chake cha riba, mada hii utaipita bila jasho.

Hatua ya saba: Ratiba na lugha

Wiki nane kwa saa moja na nusu, siku tano za wiki, zinamtosha mtu mwenye kazi. Wiki ya kwanza masoko, tatu bidhaa, mbili akaunti na makatazo, moja usimamizi, ya mwisho majaribio. Saa nzuri Mombasa ni baada ya swala ya Alfajiri, kabla joto na kelele hazijaanza. Usiku wa Ramadhani nao una wenyewe. Anayevuka Likoni kila siku asitegemee kivuko kuwa darasa: pale soma kadi ndogo tu za namba na tarehe.

Mtihani uko kwa Kiingereza, na wengi wetu hatushindwi na Kiingereza bali na mitego yake. Maswali ya «lipi si kweli» yaandike pembeni, halafu uweke alama ya kweli au uongo kwa kila jibu kabla ya kuchagua. Soma kwa Kiingereza, lakini ukimaliza mada ieleze kwa Kiswahili kwa sauti, kwa mtu asiyejua lolote. Mama yako anafaa sana. Ukishindwa kumweleza kwa nini bei ya hatifungani inashuka riba ikipanda, hujaielewa, umeikariri tu.

Kila siku fanya maswali, na kwa kila ulilokosa andika mstari mmoja: sikujua, nilisoma vibaya, au niliharakisha. Dawa ni tofauti kwa kila moja, na kusoma zaidi huponya la kwanza tu. Ukipata 80% mara kadhaa kwenye majaribio usiyowahi kuyaona, uko tayari. Alama 90 kwenye jaribio unalolirudia kwa mara ya nne si kitu.

Hatua ya nane: Siku yenyewe

Kama kituo chako kiko Nairobi, ondoka siku moja kabla. Treni ya Madaraka Express itakushusha Syokimau, na toka hapo mjini kuna msongamano wake. Basi la usiku linalofika alfajiri siku ya mtihani ni la kukufelisha. Fika nusu saa kabla, na miadi iliyoandikwa 9:00 ni saa tatu asubuhi. Soma mara mbili, kwa maana wapo waliokwenda saa tisa mchana.

Simu, saa ya mkononi na karatasi zako hubaki nje. Kikokotoo na kitu cha kuandikia utapewa. Ukikaa tu, kabla ya swali la kwanza, mwaga kichwani mwako: ngazi ya mapato ya hatifungani, mifano miwili ya opsheni, namba za fedha taslimu. Una sekunde 74 kwa swali. Likikushika, chagua jibu lolote, liwekee alama, songa. Likiwa geni kabisa, huenda ni moja ya yale 10 yasiyohesabiwa. Usibadilishe jibu mwishoni isipokuwa umeona neno ulilolipita.

Matokeo hutoka palepale. Aliyefaulu huambiwa amefaulu, bila alama. Aliyefeli hupewa alama na jinsi alivyofanya katika kila sehemu, na karatasi hiyo aitunze, maana ndiyo ratiba yake mpya: angoje siku 30, arudie sehemu zilizo chini, ajiandikishe tena. Akifeli mara tatu mfululizo, kusubiri kunakuwa siku 180. Aliyefaulu aweke kwenye wasifu wake tarehe ya kufaulu, kwa kuwa mwajiri wa Marekani atataka kujua ile miaka 4 imebaki mingapi, kisha aanze kuziandikia kampuni zinazodhamini wageni kwenye Series 7 tangu akiwa huku, asingoje kufika.